Miezi 12 ya Matazamio

Kila sharti la ajira katika utumishi wa umma lina mtu aliyelisababisha. Tangazo la nafasi za wahadhiri linaposema kwamba barua za matokeo ya muda hazitapokelewa, kwamba mwombaji ataje wadhamini watatu wa kuaminika, kwamba vyeti vya nje ya nchi vihakikiwe kwanza na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), msomaji wa nje anadhani yametungwa na watu wanaopenda kuwasumbua wenzao. Mimi nilianzia masijala ya chuo kikuu cha umma nikamalizia ofisi ya utumishi, na kila nikisoma sharti naona sura. Hili la barua za matokeo ni la bwana mmoja aliyeahidi kuleta cheti "wiki ijayo". Akapanda daraja, akahama, cheti hatujakiona. Hili la wadhamini ni la kijana aliyedhaminiwa na watu watatu wenye S.L.P. moja.

Kabla ya masharti kuwa mengi hivi, kulikuwa na vimemo. Kijana wa leo anayeomba kazi kwa simu huenda hajawahi kushika kimemo, kwa hiyo nitakieleza. Kimemo ni kikaratasi kilichokunjwa mara mbili au tatu, hakina tarehe, mara nyingi hakina hata jina kamili, saini tu. "Mleta barua hii ni kijana wetu. Naomba umsaidie kadiri utakavyoona inafaa." Uzito wote uko kwenye hayo maneno ya mwisho. Mwandishi hajaamuru kitu. Ukimwajiri kijana wake, umeona inafaa wewe. Usipomwajiri, mwenyewe anajua na wewe unajua.

Nilichokuwa nafanya ni kukipachika kimemo kwenye jalada la mwombaji na kukipa namba ya folio, sawa na barua nyingine yoyote. Mkuu wangu wa kazi aliponiona mara ya kwanza alishtuka. Nikamwambia mwongozo wa masijala unasema kila karatasi inayohusu jambo iwekwe jaladani. Kimemo chenye namba ya folio kinageuka ushahidi, na wenye kuandika walipopata habari, vikapungua. Havikwisha. Vilihamia kwenye simu, ambako hakuna folio.

Nisiwaonee waliovileta. Wengi walikuwa wanaona haya. Binti mmoja aliyekuja kwa nafasi ya mhudumu wa maktaba alinikabidhi chake kwa mikono miwili: "Shikamoo Mama. Baba amesema nikupe hii. Ila mimi nimekuja kufanya usaili." Alifanya, akashinda, na hadi leo nikimwona namheshimu kwa lile neno "ila".

Tatizo la kulaani kujuana kwa haraka ni kwamba kujuana huko ndiko kulikoanzisha vyuo vyetu. Hadi mwaka 1984, Sokoine ilipotengwa na Dar es Salaam na kuwa chuo kikuu cha kilimo, nchi nzima ilikuwa na chuo kikuu kimoja. Wasomi wote ungewaingiza kwenye kumbi chache. Walimu wengi wa mwanzo walikuwa wageni, na Watanzania walihitajika upesi. Walipatikanaje? Profesa alimwona mwanafunzi mwaka wa tatu, akasoma insha zake, akamsikia kwenye semina, akamwambia: "Bwana mdogo, ukimaliza usiende popote, pita ofisini kwangu." Hiyo ndiyo iliitwa kubakizwa. Aliyebakizwa alianza akiwa mkufunzi msaidizi, akapelekwa nje kusoma, akarudi kufundisha. Baadhi ya wasomi wakubwa wa nchi hii walibakizwa namna hiyo, bila tangazo, bila usaili wa maana. Alitosha mwalimu mmoja aliyemtazama mtu kwa muda mrefu na kuwa tayari kubeba jina lake.

Sasa, kwa mtu aliyesimama nje ya mlango, kubakizwa na kubebwa vinafanana. Vyote viwili ni ofisi, wazee wawili, na uamuzi usioandikwa. Mmoja amechaguliwa kwa sababu mwalimu wake amemwona akifikiri, mwingine kwa sababu mjomba wake anakaa kwenye kamati. Watanzania wakaliunda lile neno "undugunaizesheni", tukacheka, na katika kucheka tukaacha kabisa kutofautisha hao wawili. Ilikuwa rahisi zaidi kuweka namba.

Namba yenyewe ni 3.8. Ukitaka kuwa mkufunzi msaidizi katika chuo kikuu cha umma, ufaulu wako wa shahada ya kwanza usiwe chini ya hapo kwa kipimo cha tano. Ukitaka uhadhiri msaidizi, ongeza 4.0 ya uzamili. Nimekaa kama katibu kwenye vikao vingi ambako namba hii ilitukinga. Mtu mzito anapopiga simu, unamjibu, "Mzee, kijana ana 3.2, mikono yetu imefungwa," naye anakata simu bila kinyongo. Ile 3.8 ilikuwa chekeche, na kokoto zilikuwa nyingi kweli.

Ila nakumbuka kijana wa jiolojia mwenye 3.7. Mwaka wa kwanza bumu, yaani fedha ya kujikimu, lilichelewa, akawa anashinda mjini akisaidia mafundi wa kuchimba visima, akafeli somo moja la hesabu na kulirudia. Kuanzia mwaka wa pili hakushikika. Wenzake walimfuata bwenini awafundishe, na walimu wa idara waliandika barua ya pamoja kuomba afikiriwe. Mwenyekiti akanigeukia: "Mama, waraka unasemaje?" Nikausoma kwa sauti. Waraka hausemi chochote kuhusu visima. Kikao kikaendelea na ajenda inayofuata, na nafasi ile ikakaa wazi mwaka mzima kwa kukosa mwenye sifa. Mwalimu mmoja kijana aliuliza ni nani tunayemlinda kwa nafasi iliyo wazi. Hakujibiwa, na katika muhtasari sikuandika swali lake kwa sababu mihtasari yetu ilikuwa ya maazimio tu.

Nikihamia kwa waendeshaji, yaani sisi tusiofundisha, mambo yanaonekana wazi zaidi. Wakati huo chuo bado kilijiajiria chenyewe. Tulitangaza nafasi mbili za udereva, tukafika kwenye usaili wa vitendo. Gari la kujaribia lilikuwa Land Cruiser ya zamani ya kitengo cha usafirishaji. Mmoja baada ya mwingine waliingia, wakawasha, wakazunguka barabara ya chuo, wakarudi kinyumenyume hadi kwenye alama, wakaegesha. Akaja bwana mmoja wa makamo, shati limepigwa pasi. Hakuingia. Alilizunguka gari taratibu, akachuchumaa nyuma upande wa kushoto, akapapasa tairi, akarudi mezani kwetu. "Mama, samahani. Wazee, samahani. Gari hili halifai kutoka. Tairi la nyuma limekuwa kipara, nyuzi zimeanza kuonekana."

Afisa usafirishaji aliyekuwa pamoja nasi alichemka, maana tairi lile lilikuwa jukumu lake. Akasema mwombaji ameshindwa kufuata maelekezo, apewe sifuri, aitwe mwingine. Mwenyekiti wa jopo, profesa wa kemia, akaomba fomu ya alama aitazame. Ilikuwa na kurudi nyuma, kuegesha, kona, alama za barabarani. Hapakuwa na mahali pa kumwekea alama mtu anayekataa kuendesha gari bovu. Baada ya mabishano likaletwa gari jingine, akaendesha vizuri kiasi, akawa wa tatu. Nafasi zilikuwa mbili. Waliomshinda walikuwa madereva wazuri, sina neno nao. Tairi lilibadilishwa wiki ileile.

Hadithi haiishii hapo. Profesa yule hakulala. Usaili uliofuata alihakikisha fomu ina kipengele kipya: ukaguzi wa gari kabla ya safari. Sijui habari zilivujaje, ila siku ilipofika kila mwombaji alizunguka gari, akapiga magoti mbele ya kila gurudumu, akafungua boneti, akachomoa kijiti cha oili na kukitazama kwa uso wa daktari. Gari lilikuwa jipya. Wote wakapata alama kamili za kipengele hicho, na sisi tukabaki palepale. Yule wa kwanza alichuchumaa kwa sababu alitaka kujua hali ya tairi. Hawa walipiga magoti kwa sababu sisi tulitaka kuwaona wamepiga magoti, na hakuna fomu itakayowatenganisha.

Tangu siku ile naamini kwamba busara ukiigeuza kisanduku cha kuweka tiki, inakuponyoka. Ndiyo maana siwacheki wanaoongeza visanduku. Wanajaribu kukamata kitu halisi walichokiona kwa macho yao. Tatizo lao ni kwamba wanataka wakikamate mara moja kisha wasilazimike kutazama tena.

Kuhusu viti vya juu nitasema kwa ufupi, maana vina wasemaji wengi. Julai 1970, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipovunjwa na Dar es Salaam kuwa chuo kikuu kamili, Mwalimu Nyerere, ambaye ndiye aliyekuwa Mkuu wa Chuo, alimteua Pius Msekwa kuwa Makamu Mkuu wa kwanza. Msekwa hakutoka darasani. Alikuwa Katibu Mtendaji wa TANU, na kabla ya hapo Katibu wa Bunge. Julai iliyofuata rais wa wanafunzi, Symonds Akivaga, kijana kutoka Kenya, aliandika barua ya wazi ya kuushutumu uongozi wa chuo. Akafukuzwa, askari wa FFU wakaingia chuoni Mlimani, wanafunzi wakagomea masomo. Waliokuwapo wanaisimulia kwa namna mbili. Wako wanaosema Msekwa alikuwa mtendaji hodari aliyekisimamisha chuo kwa miaka 7, na wako wanaosema chuo kilianza maisha kwa kujifunza kwamba kiti kikubwa hushuka kutoka juu. Nadhani wote wanasema kweli. Hadi leo Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam anateuliwa na Rais, taarifa inatoka Ikulu, na ofisi nzima inaisoma kwenye simu kabla ya barua kufika. Nimefanya kazi na wateule wazuri mno waliopatikana hivyo. Waliotutesa zaidi ni makaimu wa muda mrefu. Mtu anayekaimu miaka miwili hajui kama kesho ataamka na kiti, kwa hiyo haanzishi jambo, hafukuzi mtu, hamtetei mtu. Anasaini likizo.

Wenzetu Kenya walikuwa na jambo hilohilo kwa ukali zaidi: Rais Moi ndiye aliyekuwa chansela wa vyuo vikuu vyote vya umma. Kibaki aliiachia nafasi hiyo mwaka 2003, na mwaka 2005 George Magoha akapata uongozi wa Chuo Kikuu cha Nairobi kwa kuomba na kushindanishwa. Kisha ikaja sheria ya mwaka 2008 inayokataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Ukiuliza ni nani aliyesababisha sharti hilo, tazama tarehe. Ni mwaka uleule watu walipouana baada ya uchaguzi.

Turudi kwetu, kwenye jambo ambalo bado linaniuma kulieleza. Tarehe 28 Aprili 2017, Rais Magufuli alipokea ripoti ya uhakiki wa vyeti mjini Dodoma, na mahali palipochaguliwa ni chuo kikuu cha umma, UDOM. Watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi. Ajira mpya na kupanda madaraja vilikuwa vimesimamishwa tangu mwaka uliotangulia kupisha uhakiki. Kwetu nako majina yalikuja, na mmoja wao alikuwa mhudumu wa maabara.

Tulimjua kwa jina la kaka yake. Cheti cha kidato cha nne alichoingilia kazini kilikuwa cha kaka, na kwa miaka yote hiyo aliitikia jina lile kwenye mahudhurio, kwenye mshahara, kwenye harambee za misiba. Mke wake alipopiga simu ofisini kumwulizia kwa jina lake halisi, mpokea simu alimjibu hapa hakuna mtu kama huyo. Kazi yake aliijua. Wanafunzi wa uzamivu walimwuliza yeye, hawakuuliza rejista, ni chupa gani ya asidi imekaa mno. Barua ilipotoka, walimu wawili walikuja mezani kwangu. "Mama, kwani huyu ameiba nini?"

Nilikuwa na jibu, ingawa sikupenda kulitoa. Mwaka uliofuata serikali iliagiza warudishwe kazini watumishi wa darasa la saba walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004 na kuondolewa katika zoezi lile, ilimradi hawakuwa wamedanganya kuhusu elimu yao. Kwa hiyo wawili waliofanya kazi ileile, waliokula chakula kantini ileile, walitenganishwa na jambo moja: mmoja alisema "mimi ni wa darasa la saba" na mwingine alisema "mimi ni kaka yangu". Naona serikali ilikuwa na haki. Naona pia mtu wetu alikuwa na haki ya kuumia. Mambo haya mawili sijaweza kuyaunganisha, na wanaoyaunganisha kirahisi, upande wowote, huwa siwasikilizi sana. Mwaka 2022 ilitolewa ruhusa watu wale warejeshewe michango yao ya hifadhi ya jamii, na niliposikia nilifurahi.

Ninachokifikiria zaidi ni ile miaka ya katikati. Angeweza kufanya mtihani kama mtahiniwa binafsi. Alikuwa na akili ya kufaulu. Chuo kilikuwa na fungu la kuwaendeleza watumishi, na wenzake walilitumia. Yeye hakuthubutu hata kuchukua fomu, maana ingemlazimu kuandika jina. Uongo uliomwingiza ndani ndio uliomzuia kusogea alipokuwa ndani. Na upande wetu, katika miaka yote hiyo, hakuna aliyewahi kukaa naye kumwuliza: wewe ni mtu hodari, mbona husomi? Tungeuliza, huenda angetudanganya tena. Lakini hatukuuliza.

Upande wa taaluma tunauliza, tena kwa kuhesabu. Kupanda kutoka mhadhiri mwandamizi kwenda profesa mshiriki ni hesabu ya makala: ngapi, katika jarida gani, jina lako la ngapi. Watathmini wa nje wanaandika ripoti zao za siri, zinachelewa, mtu anazeeka. Mwenye kuandika kitabu cha kiada ambacho shule za nchi nzima zinakitumia anaweza kupitwa na mwenye makala za kutosha zilizosomwa na watathmini peke yao. Nimeyaona hayo, ila sina suluhisho, na walionalo wamo kwenye kamati.

Siku hizi kuajiri kumetoka mikononi mwa chuo kwa sehemu kubwa. Marekebisho ya Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2007 yalizaa Sekretarieti ya Ajira. Unaomba kwa mtandao, unafanya usaili wa mchujo wa kuandika, ukipita unaitwa kwenye mahojiano, na ukifaulu nafasi zikiwa zimejaa jina lako linawekwa kwenye kanzidata. Chuo kinapelekewa mtu. Nilipokuwa karibu kustaafu nililalamika kwa kijana aliyekuja kurithi meza yangu. Nikamweleza habari za kubakizwa, za kijana wa jiolojia, za dereva. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho.

"Mama," akasema, "mimi kwetu Kasulu. Dar es Salaam sikuwa na mtu. Niliombea kwenye simu ya kaka yangu, nikaitwa, nikaja na basi, nikafanya mtihani ukumbi mmoja na watoto wa wakubwa. Hakuna aliyejua mimi ni nani. Hao maprofesa wenu wa zamani wa kumwona mtu, mimi wangenionea wapi?"

Sikuwa na la kumjibu, na sidhani kama lipo. Profesa anamwona aliye mbele yake. Aliye Kasulu anahitaji mtihani wa ukumbini na namba isiyojua jina lake. Kwa hiyo simo miongoni mwa wanaotaka mambo yarudi yalivyokuwa. Chekeche libaki mlangoni.

Malalamiko yangu yako ndani ya mlango. Serikali imetuwekea muda wa kumtazama mtu, nao unaitwa matazamio, miezi 12. Mtumishi mpya hathibitishwi kazini hadi muda huo upite na mkuu wake aandike kwamba anafaa. Hapo hakuna kimemo, hakuna 3.8, hakuna watu elfu wanaogombea. Kuna mtu mmoja na mkuu wake, na mwaka mzima wa kufahamiana. Ile busara tuliyoiondoa kwenye ajira kwa sababu haiaminiki, hapa tumeachiwa kihalali kabisa. Na tunaifanyia nini? Nimepokea fomu za kuthibitishwa kazini za idara nzima zikiwa na mwandiko mmoja, wa katibu muhtasi, na maneno yaleyale: "Anafaa. Athibitishwe." Wakuu walisaini kwa mkupuo, wengine wakiwa wanazungumza na simu. Mtu aliyepita katika mchujo, mahojiano na uhakiki, akishaingia hakuna anayemtazama tena hadi kustaafu au kuharibu. Na si kazini tu. Mkwe wangu tulimchunguza hadi kijijini kwao, tukapeleka watu wawili kuuliza. Baada ya harusi ilitupita miaka hatujamwuliza hata kama analala vizuri.

Nilimjua profesa mmoja, mkuu wa idara, aliyeichukua ile miezi 12 kwa maana yake. Alikuwa anaingia kwenye mihadhara ya walimu wapya bila taarifa, anakaa safu ya nyuma kabisa na daftari la kaunta, anaandika. Kipindi kikiisha anamwita mhusika: pale uliharakisha, yule binti aliyenyoosha mkono hukumwona, mfano wako wa pili ulikuwa mzuri, uanze nao. Walimu vijana walimwita Mkaguzi, na si kwa mapenzi. Fomu zake zilinifikia kwa kuchelewa na zilikuwa na kurasa za ziada.

Mmoja wa vijana wake hakumpitisha. Ufaulu wake ulikuwa juu kuliko wote walioajiriwa mwaka ule, na mkuu aliandika kwamba huyu anajua sana, ila darasa halijui kwamba anajua. Aongezewe miezi sita. Ofisini kwetu ikawa kesi. Wakubwa wakauliza kama inaruhusiwa. Nikatafuta kanuni, inaruhusiwa, ila ilikuwa haijatumika muda mrefu hata barua ya mfano hatukuwa nayo, ikabidi niitunge. Kijana akanuna. Tukikutana kwenye ngazi anatazama pembeni, kana kwamba barua ile niliiandika kwa hiari yangu.

Miezi ile sita ikapita, fomu ikarudi, safari hii na kurasa mbili za sifa. Barua ya kuthibitishwa ilipotoka hakumtuma mhudumu. Alishuka mwenyewe masijala, akasaini kitabu cha kupokelea barua, akaisoma palepale amesimama, akaniamkia kwa mara ya kwanza tangu nimpe ile nyingine. Kisha akauliza kama Profesa yupo ofisini kwake.

Nikamwambia hayupo, yuko kwenye kipindi cha mwenzako aliyeanza mwezi uliopita, kakaa nyuma.